Mpaka Ukuta Ukauke

Kwang'! Kwang'! Kwang'!

Mlio ulitoka uani, nyuma ya duka la rangi. Msasa alikuwa akipita zake barabarani, viatu vimeng'aa juu na kutoboka chini. Akasimama, akatega sikio. Wahenga walikwisha kusema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Hili halikuvuma. Hili liliguna, kama mtu aliyeshiba akipigwa mgongoni. Basi lilikuwa limejaa. Na anayelipiga teke debe lililojaa ni mtu mwenye mali asiyoitaka, na mali isiyotakiwa, kwa Msasa, ilikuwa yatima anayelilia mlezi.

Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na mtaa, kwa kuwa hapakuwa na binadamu mwenye makwaruzo ambaye Msasa angeshindwa kumlainisha. Alikwisha kumuuzia kinyozi kitana kisichong'oa nywele. Alikwisha kumkodisha mwenye nyumba kivuli cha ukuta wake mwenyewe. Kwa mikono yake hakuwa na kazi. Ulimi ndio uliomlisha, na ulimi, kama punda yeyote, ulikuwa umeanza kuchoka.

Uani alimkuta muuza rangi ameketi juu ya debe, jingine kando yake, analisugua dole gumba la mguu.

"Pole, kaka. Limekukosea nini?"

"Limezaliwa!" muuza rangi akafoka. "Mteja kaniagiza buluu ya mbingu, ya chumba cha mtoto. Nimewasha mashine ya kuchanganyia, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikasahau ilipofika, ikamwaga nyeusi kama iliyolipwa. Mteja kaja, kafunua, kaniuliza nani amefariki."

Msasa akakoroga kwa kijiti. Haikuwa buluu hasa. Haikuwa nyeusi. Kijivu nacho kilipita humo, kama mgeni asiyetaka kujitambulisha. Moyoni aliona kitu, lakini usoni akatandaza huzuni.

"Kaka, mzigo umekupata. Hii kumwaga huwezi. Ukiimwaga mtaroni, mtaa mzima utajua ni nani. Ukiiacha hapa, kila mteja atakayeingia atakuuliza ile rangi ya msiba ni ya nani."

"Nifanyeje sasa?"

"Nitakuchukulia. Ndugu ni kufaana. Ila mkono mtupu haushiki doa. Nipe na brashi, na rola, na ule mkokoteni."

Muuza rangi alimshukuru mpaka mlangoni. Msasa akaondoka na madebe yote mawili, brashi, rola na mkokoteni, akipiga mluzi.

Sasa, msomaji usidhani aliitaka rangi ile kwa tamaa tu. Msasa alikuwa anapenda. Alimpenda fundi cherehani mmoja, mwanamke pekee mjini aliyemsikiliza mpaka mwisho wa sentensi, akakata uzi kwa meno, kisha akauliza, "Na ukweli ni upi?" Kwa swali hilo Msasa alikuwa tayari kufa, ingawa hakuwa tayari kulijibu. Siku moja ya udhaifu alimwambia kwamba ana nyumba yake, yenye sebule, makochi na kabati la vyombo. Ukweli ni kwamba alilala katika stoo ya rafiki yake fundi redio, miguu nje ya mlango, na usiku watu walimruka kama mtaro.

Fundi cherehani akawaambia wazazi wake. Wazazi wakasema vema, Jumamosi tunakwenda kuitazama hiyo nyumba.

"Nimebishana nao kwa ajili yako mpaka sauti imenikauka," alimwambia Msasa, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Wakirudi Jumamosi wamekunja uso, safari hii sitabishana tena. Nitawaitikia wakisema nikuache."

Ndiyo maana Msasa aliusukuma mkokoteni moja kwa moja hadi kwa Mama Mapazia.

Mama Mapazia alikuwa na duka la mapazia kwenye kona, na nyumba karibu yake, na sebule ambayo wateja waliletwa kuona mapazia yakining'inia kama yatakavyoning'inia kwao. Alikuwa mwanamke mwerevu, mpole, mcheshi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: neno "bure" lilimfanya asikie kizunguzungu.

"Mama, hizi kuta zako nyeupe zinakuibia," Msasa akamwambia, akiwa bado mlangoni.

"Zinaniibia nini, mwanangu?"

"Wateja! Pazia la krimu mbele ya ukuta mweupe ni maziwa ndani ya maziwa. Nani atayaona? Lakini liweke mbele ya buluu nzito, buluu yenye adabu, isiyopiga kelele. Pazia litasimama kama bibi harusi. Mbao itang'aa. Taa yako ya shaba, hii uliyoisahau, itageuka dhahabu. Sikiliza nikuimbie:

Ukuta mweupe kweli, doa lako hulisema;
Buluu yenye akili, siri yako huizima."

"Huo wimbo wa nani?"

"Wa mafundi wakubwa, Mama," akasema Msasa, aliyekuwa ameutunga kwenye mkokoteni.

Mama Mapazia akachungulia debe. Akarudi nyuma hatua. "Mbona kama usiku?"

"Usiku ni mweusi, Mama. Hii ni ile saa jua limekwisha kuzama na hakuna aliyewasha taa, na kila mtu anaonekana mzuri kuliko alivyo."

Mama akajishika shavu. "Na kazi hii ni kiasi gani?"

Msasa akasogea karibu, akashusha sauti kama anayesoma wosia. "Bure."

Mama Mapazia akatafuta kiti.

"Kwa sharti moja," Msasa akaendelea. "Napaka Ijumaa. Jumamosi kutwa usikanyage hapa. Ukuta mbichi hupata haya. Mwenye nyumba akiukodolea macho kabla haujatulia, unatoka mabaka."

"Ukuta, kupata haya?"

"Mama, hujawahi kuvaa nguo mpya, ukamkuta mtu mlangoni kabla hujajitazama kwenye kioo?"

"Nimewahi."

"Ulijisikiaje?"

Mama Mapazia akamkabidhi funguo.

Ijumaa ikaja, na pamoja nayo jambo ambalo Msasa hakulizoea: kazi. Alipaka kuta mbili, debe la kwanza likakauka. Alipaka ya tatu, na brashi ikaanza kukwangua kitako cha la pili. Rangi ya mafuta huongezwa kwa thina, lakini thina inauzwa, na Msasa kununua kitu alichukulia kama kushindwa vita. Mtaa wa nyuma palikuwa na mkaanga viazi aliyekuwa akitaka kumwaga mafuta yake machakavu. Msasa akayapokea kwa ndoo.

"Mafuta ni mafuta," akajiambia, na sentensi hiyo fupi, ambayo hakuna fundi hata mmoja duniani aliyewahi kuitamka, akaikoroga ndani ya debe, akamaliza ukuta wa nne, kisha kwa ukarimu akarudia na zile tatu za kwanza.

Halafu akarudi nyuma atazame.

Kuta zilikuwa zimesogea mbali na kuja karibu kwa wakati mmoja. Kabati, ambalo jana lilikuwa sanduku tu lenye milango, lilitoa wekundu wake wa mbao kama kaa lililopulizwa. Mapazia ya krimu yaliteremka taratibu, kila mkunjo ukionekana. Taa ya shaba kweli iligeuka dhahabu. Hakuna kilichokuwa kikipiga kelele. Chumba kilikuwa kimenyamaza, na Msasa, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema "mama", naye alinyamaza. Alikuwa ameuza uongo, na uongo ukamsaliti ukawa kweli.

Kisha akanusa, akasema, "Harufu itatoka tu," akafunga mlango.

Harufu haikutoka.

Jumamosi baba mkwe mtarajiwa aliingia wa kwanza. Alikuwa mzee aliyestaafu kwenye mizani ya sokoni, na mtaa ukamwita Mzee Mizani, kwa sababu hakushika kitu bila kukipima. Nyuma yake aliingia mkewe, mama mnene mwenye macho madogo yasiyokosa kitu, na mwisho fundi cherehani, gauni lake limepigwa pasi mpaka likaweza kusimama peke yake.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Karibuni kwangu! Karibuni, hapa ni kwenu."

"Marahaba." Mzee Mizani akanyanyua mto wa kochi, akaupima kwa kiganja, akaurudisha. "Pamba ya kweli," akasema. Halafu akanusa.

Mama mkwe naye akanusa. Wakatazamana.

"Baba Msasa," akasema yule mama, kwa heshima ya ghafla, "usijisumbue sana jikoni kwa ajili yetu."

"Jikoni?" Msasa akashtuka. "Ah, si kitu, mama, si kitu."

"Viazi," Mzee Mizani akamnong'oneza mkewe. "Vya kukaanga. Vingi."

Fundi cherehani hakuketi. Alikuwa amesimama dirishani, kidole kimeshika pindo la pazia, analitazama kama mtu aliyekutana na mtoto wake sokoni.

"Kumekuwa na giza kidogo, nitawasha taa," akasema Msasa, akapapasa ukutani kutafuta swichi. Hakuipata. Akapapasa upande wa pili. Hakuipata. Alipapasa sebule nzima kama anayemtafuta mbuzi gizani, na mwishowe mama mkwe akanyoosha mkono nyuma ya kochi, akabonyeza, taa ikawaka.

"Huwa naihamisha," Msasa akaeleza.

"Swichi?"

"Ni nyumba ya kisasa, mama."

"Vyumba ni vingapi?" Mzee Mizani akauliza.

"Vya kutosha, baba. Pale, kwa mfano, ndipo ninapolala." Akavuta mlango kwa madaha. Ndani palikuwa na ufagio, ndoo na pasi.

Wageni wakaupima ufagio kwa macho, toka juu hadi chini.

"Unalala wima," akasema Mzee Mizani.

"Nyumba hii, baba, bado naizoea. Lakini tazameni rangi! Tazameni buluu hii!" Na hapo Msasa aliwaka. Aliwaambia kwamba ukuta mweupe ni mmbea na ukuta wa buluu nzito ni mzee wa baraza. Kwamba humo ugomvi wa mume na mke haudumu, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kupaza sauti. Mama mkwe akasahau viazi. Akaegemea nyuma, mabega na kichwa vikagusa ukuta, macho yakalegea. "Kweli kunatuliza," akasema. Mzee Mizani, ili aone chumba kizima, alisimama akautandika mgongo wake wote ukutani, toka kisigino hadi kisogo.

Msasa aliona, akanyoosha mkono amzuie. Lakini ni rangi ya jana, akajiambia. Rangi gani isiyokauka usiku mzima?

"Mimi hiki kiazi kinanichelewesha," Mzee Mizani akasema baada ya kungoja kiungwana. "Natoka kidogo hapo kibandani ninunue hata karanga."

Alipojing'oa ukutani palisikika chwaaa, kama kandambili kwenye tope. Akatoka. Kwa mbele alikuwa mzee mwenye shati jeupe. Kwa nyuma alikuwa jioni.

Dirisha lilikuwa wazi, na kibanda kilikuwa ng'ambo ya barabara. Msasa alimwona mzee akivuka. Kisha akamwona aliyeketi kibandani, khanga imevutwa hadi puani, akiichungulia nyumba yake kwa hamu ya mtu aliyekatazwa. Mama Mapazia alikuwa ametii sharti kwa miguu. Macho hakuweza kuyashika. Damu ya Msasa ikashuka ikaenda kukaa viatuni, kwenye matundu.

"Baba," ilisikika sauti ya Mama Mapazia, "samahani. Huo mgongo umeupata wapi?"

"Mgongo?" Mzee Mizani akageuka. "Nimezaliwa nao."

"Hapana. Huo ni ukuta wangu."

"Mama, wewe ni mzima?"

"Geuka tena. Ndio wenyewe! Ile saa jua limezama na hakuna aliyewasha taa. Umetoka na sebule yangu mgongoni!"

"Mimi nimetoka kwa mkwe wangu. Nyumba yake ile pale."

"Ile pale?"

"Ile pale. Ya kisasa. Swichi zinahama."

Halafu Msasa akasikia kitu kibaya kuliko kelele: Mama Mapazia alicheka, kicheko kifupi, cha mtu aliyeona bei nzuri.

Msasa alitazama ule mlango mwingine. Ungempeleka kwenye kabati la ufagio. Kabla hajaamua, wawili hao walikuwa wameingia, mzee na karanga zake, mama na tabasamu lake.

"Mwanangu!" Mama Mapazia akapanua mikono. "Hukuniambia kwamba wageni ni leo! Wakwe zangu, mimi ndiye shangazi yake. Nimemlea huyu."

Msasa alihisi roho ikirudi kidogo kidogo. "Ndiyo," akasema. "Shangazi."

"Na kijana huyu si mchoyo," shangazi mpya akaendelea, akiketi katikati ya kochi lake kama hakimu. "Ameniahidi kwamba akimaliza sebule hii atapaka vyumba vyote, na korido, na dari. Si ndivyo, mwanangu?"

Msasa akamtazama. Macho ya mama yalielekea kwa Mzee Mizani, yakarudi.

"Ndivyo, shangazi."

"Na duka langu lote, ndani na nje."

"Na... nje."

"Kwa rangi ya mfuko wake. Bure!" Alilitamka neno hilo kwa raha isiyoelezeka.

"Na sisi je?" mama mkwe akadakia, akasimama. Chwaaa. "Chumba chetu cha kulala kinataka hii hii."

"Na geti," akasema Mzee Mizani, akitafuna. "Na banda la kuku. Kuku nao wapate utulivu."

"Amesema ndiyo," akasema Mama Mapazia, ingawa Msasa hakuwa amesema kitu. Kwa kila ndiyo kijasho kilimtoka, naye, kwa kuwa mtu akizama hushika chochote, alijifuta uso kwa kiganja kilekile alichotafutia swichi, bila kukitazama. Sasa alikuwa amepakwa kutoka sikio hadi sikio, akawa anafanana na sebule.

"Baba," fundi cherehani akasema kutoka dirishani, kwa sauti ndogo. "Hii nyumba si yake."

Hata karanga zilinyamaza.

"Pindo hili nimelishona mimi. Uzi mweupe uliniishia nikamalizia kwa wa krimu, hapa, tazameni. Mapazia haya ni ya huyu mama, na sebule ni yake. Nilijua tangu nilipoingia."

Msasa alifungua mdomo. Kwa mara ya pili katika siku mbili hakukuwa na kitu ndani.

"Mwanangu," Mzee Mizani akasema bila haraka, "mtu akinionyesha kabati la ufagio akasema analala humo, unadhani nahitaji uzi?"

"Mlijua?" Msasa akanong'ona. "Mlijua wote? Mbona mmekaa?"

Mzee Mizani akainamisha kichwa kwa haya. "Nilikuwa nangoja viazi."

"Mimi nimeipenda rangi," akasema mkewe.

"Na zile ahadi," Mama Mapazia akakumbusha, "zimetamkwa mbele ya watu. Vyumba, korido, dari, duka."

"Na geti," akasema mzee. "Zimekwisha kupimwa hizo. Hazipungui."

Basi mtu aliyeulainisha mji mzima akasimama katikati ya sebule isiyo yake, uso wa buluu, hana pa kushika. Hakuwatazama wazee. Alimtazama fundi cherehani.

"Sasa utawaitikia," akasema.

Aligeuka akautazama ukuta kwa muda, kabati lililowaka, taa ya shaba. "Nani amepaka?" akauliza.

"Mimi."

"Na ukweli ni upi?"

"Mimi. Kwa mkono wangu. Mgongo unaniuma mpaka sasa."

"Chumba ni kizuri," akasema. "Jambo la kwanza la kweli ulilowahi kunionyesha, umelionyesha huku umenyamaza. Basi sikia. Siku ukuta huu utakapokauka, nitakuja na gauni jeupe niuegemee. Likitoka jeupe, leta wazee wako. Lakini ulimi huo ndio uliotufikisha hapa, na kuanzia sasa unapumzika. Mpaka ukuta ukauke usitoe neno. Kwangu, kwa mteja, hata kwa debe."

"Na kama ukichelewa kuka—"

"Hayo ni maneno."

Msasa akafunga mdomo. Aliutazama ukuta. Pale alipokuwa ameegemea Mzee Mizani palibaki umbo la mzee mzima, na kutoka kwenye bega la umbo hilo tone moja la mafuta ya viazi lilikuwa likiteremka polepole, likimetameta, lisilo na nia ya kukauka leo, wala kesho, wala zama za wajukuu. Humo chumbani ni yeye peke yake aliyejua kilichokorogwa ndani ya debe lile. Ingebidi aukwangue wote hadi kwenye plasta, anunue thina, anunue rangi, aanze upya, kisha afuate korido, dari, duka, geti na kuku; na yote hayo bila kumweleza mtu kwa nini.

"Ahidi," akasema fundi cherehani. "Kwa sauti, wasikie."

Msasa alivuta pumzi ndefu yenye harufu ya viazi, akaweka mkono wa buluu kifuani.

"Nakuahidi, mpenzi wangu, mbele ya baba, na mama, na shangazi: sitatoa neno lingine mpaka ukuta huu ukauke."